Alfriston, Haworth au Coalpit Heath: uende kuona nyumba ipi ya kale ya kasisi?

Kila kiangazi napokea ujumbe wa aina moja kwenye simu. Ndugu au rafiki yuko Uingereza kwa wiki mbili, London ameshaizunguka mpaka miguu imechoka, na sasa anataka kuona mojawapo ya zile nyumba za kale za makasisi: nyumba kando ya kanisa, bustani mbele, na getini kibao kinachosema zamani hapa palikuwa kwa padre. Siku aliyobakiwa nayo ni moja. Aende wapi?

Jibu halitoki haraka, maana nyumba ya kasisi wa Kiingereza si jengo la aina moja. Kila kasisi alikaa kadiri ya kipato cha parokia yake. Aliyeitwa rekta alipokea zaka yote, ikiwemo ile nono ya nafaka na majani ya mifugo. Vika aliambulia zaka ndogo, za wanakondoo, mayai na mboga, kwa kuwa ile kubwa ilikwenda kwa monasteri. Na monasteri zilipovunjwa enzi za Mfalme Henry wa Nane, ikaangukia mikononi mwa wenye ardhi. Ndiyo maana kijiji kimoja kina nyumba ya kasisi yenye hadhi ya jumba la bwana mkubwa, na cha jirani kina kijumba tu. Baadaye sheria ya 1776 ilimruhusu kasisi kukopa kwa kuweka rehani mapato ya parokia ili ajenge au akarabati, na nyingine ya 1838 ikambana aishi kati ya waumini wake. Nyumba zikaota kama uyoga. Karne ya 20 ilipofika, gharama za kuziba mapaa na kupasha joto vyumba vyote hivyo zikalielemea Kanisa, nyingi zikauzwa, na kasisi akahamia nyumba ndogo ya kisasa palepale jirani.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kuzijali. Edward Steere, askofu aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini pale Zanzibar na kuandika kitabu cha sarufi ya lugha yetu, alikuwa rekta wa Little Steeping, parokia ya mashambani huko Lincolnshire, kabla hajavuka bahari. Alitoka katika ulimwengu huuhuu.

Nimechagua tatu: Alfriston iliyoko Sussex ya Mashariki, ya karne ya 14; Haworth iliyoko Yorkshire, ya 1778 hadi 1779; na Coalpit Heath, kaskazini mashariki ya Bristol, ya 1844 hadi 1845. Nazipenda zote, kila moja kwa sababu yake.

Ninavyozipima

Nimezitazama kwa mambo manne. Kwanza, nyumba imesimamaje: vifaa gani, uzito unashukia wapi, maji ya mvua yanazuiwaje. Pili, vyumba vimepangwaje, kwa sababu mpango wa vyumba unasema kasisi alijiona nani mbele ya watu wake. Tatu, waliokuja nyuma wameiachaje, maana hakuna nyumba ya kale iliyofika kwetu bila kuguswa. Nne, utafikaje, na je, utaruhusiwa kuingia? Uzuri sikuupa kipengele chake. Uzuri utauona mwenyewe.

Zimesimamaje

Alfriston ndiyo iliyonishtua zaidi, kwa sababu nilidhani nakwenda kuona kitu kigeni nikakuta kitu ninachokijua. Ni nyumba ya miti. Mihimili ya mwaloni imeunganishwa ulimi kwa tundu na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Ukisogea karibu unaona vichwa vya vigingi vimechomoza kidogo, maana mti ulijengewa ukiwa mbichi, ukakauka na kukaza viungo vyenyewe kadiri miaka ilivyopita. Kati ya mihimili kuna fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Juu pameezekwa nyasi. Mtu aliyekulia nyumba ya fito na udongo Handeni au Kilifi hahitaji kuelezwa kitu hapo: anajua kwa nini ukingo wa paa umeshuka sana, na kwa nini mguu wa ukuta usikutane na maji.

Aina hii ya nyumba ina sura yake. Katikati kuna ukumbi usio na dari, unaona mpaka kenchi. Kwenye ncha kuna vyumba vya ghorofa vilivyotokeza mbele kidogo kupita ukuta wa chini. Paa ni moja, limepita juu ya vyote kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ukumbi unaonekana kama umerudi ndani, na ukingo wa paa mbele yake unashikiliwa na mbao zenye mpindo wa asili. Hakukuwa na dohani. Moto uliwashwa sakafuni, katikati ya ukumbi, na moshi ukajitafutia njia juu.

Na sakafu yenyewe! Ni mawe meupe ya chaki yaliyoshindiliwa, kisha yakazibwa vinyweleo kwa maziwa ya mgando. Inama uitazame kwa pembeni, mwanga wa dirishani ukiipitia juu: ina mng'ao hafifu, kama ganda la yai.

Haworth ni kinyume cha hayo. Ni sanduku la mawe. Kuta ni za jiwe la mchanga la vilima vya Yorkshire, jiwe gumu la chembe kubwa ambalo limegeuka jeusi kwa moshi wa viwanda, na paa ni vigae vya mawe mazito. Uzito wote unashuka wima kwenye kuta nene. Sura ya mbele ina mlango katikati, madirisha mawili kila upande, na matano juu, yaliyopangwa sawasawa. Madirisha ni ya vioo vidogovidogo, ya kupandisha na kushusha. Pambo ni moja tu, pembetatu ya mawe juu ya mlango. Hiyo ndiyo lugha ya ujenzi ya enzi za wafalme walioitwa George, ikiwa imepunguzwa mpaka kiwango cha mfuko wa parokia maskini ya milimani, na mimi naona upungufu huo umeipa heshima.

Coalpit Heath pia ni ya mawe, ila mawe yametumika kwa fikra nyingine kabisa. Msanifu William Butterfield alikuwa na miaka thelathini hivi alipopewa kazi ya kujenga kanisa, geti la makaburini na nyumba ya kasisi, vyote kwa mkupuo mmoja, katika eneo la wachimba makaa ya mawe. Siku hizo Pugin, msanifu mwenzake, alikuwa ameshawatikisa wasanifu kwa hoja kwamba jengo lisibebe kitu ambacho matumizi au ujenzi wake haukihitaji, na kwamba mafundi wa zama za kati ndio walioijua siri hiyo. Butterfield akaichukua hoja hiyo akaishusha kwenye nyumba ya kawaida. Mapaa yana mwinuko mkali na hayalingani. Dohani imeachwa ionekane wazi ukutani, nene kama mguu wa tembo. Kila dirisha limekaa pale chumba kilipolihitaji, kubwa kwa chumba kikubwa, dogo kwa ngazi. Tao lenye ncha, alama ya ujenzi wa Kigothi, liko mlangoni tu.

Vyumba na maisha

Hapa Haworth inazishinda nyingine kwa yale inayokuonyesha, kwa sababu vyumba vyake vina watu. Patrick Brontë alihamia humo mwaka 1820 na akaishi hapo mpaka alipofariki 1861, akiwa ameshafiwa na mkewe na watoto wote sita. Mabinti watatu kati yao, Charlotte, Emily na Anne, waliandika vitabu kwenye meza ya chumba cha kulia.

Tazama mpango. Unaingia, ushoroba uko mbele yako. Kulia ni chumba cha kazi cha kasisi, kushoto chumba cha kulia. Mwenye shida ya ubatizo, ndoa au maziko alipokelewa hapo kulia, hatua chache kutoka mlangoni, bila kuingia katika maisha ya familia. Sisi wa pwani tunalielewa jambo hili haraka: nyumba za mawe za Lamu nazo zina daka na sabule, mgeni anakomea hapo, na ndani kubaki ndani. Jiko liko nyuma ya chumba cha kasisi. Juu, kati ya vyumba vya kulala, kuna kijichumba juu ya ushoroba ambacho hakina hata meko, na ndicho watoto walichotumia kucheza na kuandika hadithi zao za kwanza. Kipime kwa hatua zako, ufikirie baridi ya Januari.

Kuna jambo moja dogo ambalo usilipite. Rafiki wa familia aliyewatembelea aliandika kwamba Patrick aliogopa moto kiasi cha kukataza mapazia madirishani. Mazulia nayo yalikuwa machache; ushoroba na ngazi vilikuwa vya jiwe tupu, lililosafishwa vizuri. Saa ndefu iko kwenye kituo cha ngazi, ambako kila usiku saa tatu aliitia ufunguo akienda kulala. Simama kwenye kituo hicho. Nyumba nzima iko masikioni mwako: anayepita chini, anayefungua mlango, anayekohoa juu.

Halafu chungulia nje. Makaburi yanaizunguka nyumba pande mbili. Miti ya leo ilipandwa baada ya familia hii kwisha. Wao waliona mawe ya makaburi yaliyolazwa tu. Mwaka 1850 mkaguzi wa serikali, Benjamin Herschel Babbage, alikuja kuchunguza maji na vyoo vya Haworth, na Patrick mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuomba uchunguzi huo. Alikuta wastani wa umri wa kufa ni miaka 25.8, na zaidi ya watoto wanne kati ya kumi hawakufikisha miaka sita. Mtu anayesoma usanifu wa nyumba hii bila kutazama makaburi na visima ameisoma nusu.

Alfriston inaeleza maisha ya namna tofauti: ukumbi mmoja ambamo kula, kuota moto, kupokea wageni na kugombana vilifanyika mahali pamoja, na faragha ilikuwa kitu cha ghorofani. Inaaminika ilianza kama nyumba ya mkulima mwenye uwezo kabla ya kuwa ya kasisi, na hilo linaonekana: hakuna chumba kinachosema “hapa ni ofisi ya padre.”

Coalpit Heath inarudisha mgawanyo, lakini kwa kuusema nje. Ukiwa barabarani unakisia ngazi iko wapi, moto unawaka wapi, chumba kikuu ni kipi. Haworth inaficha tofauti za vyumba nyuma ya madirisha yanayofanana. Butterfield anazitangaza.

Waliokuja baadaye

Alfriston nusura isiwepo. Karne ya 19 ilipokaribia kwisha ilikuwa imechakaa na uamuzi wa kuibomoa ulishatolewa. Kasisi wa hapo akahangaika, akakifikia chama cha kulinda majengo ya kale ambacho William Morris, mshairi na mbunifu wa mapambo, na msanifu Philip Webb walikianzisha mwaka 1877, na mwisho National Trust, shirika la kutunza majengo na ardhi, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuundwa, ikainunua mwaka 1896 kwa pauni 10. Lilikuwa jengo lake la kwanza. Leo shirika hilo lina majumba ya kifahari kila upande wa nchi, na lilianzia kwenye nyumba ya fito na udongo. Ukarabati ulifanywa kwa mkono mwepesi: kilichooza kikatolewa, kilichobaki kikaachwa.

Haworth imeguswa zaidi. Charlotte mwenyewe, vitabu vilipoanza kumpa fedha, alikipanua chumba cha kulia na cha juu yake, na kile kijichumba cha watoto kikapunguzwa. Mwaka 1854 akageuza stoo kuwa chumba cha kazi cha mchumba wake, Arthur Bell Nicholls, ambaye alikuwa kasisi msaidizi. Kasisi aliyefuata, John Wade, aliongeza ubawa mzima upande wa kulia katika miaka ya 1870, na huo ndio unaovunja ulinganifu wa sura ya mbele. Kabla hujapiga picha, ufunike kwa kiganja uone nyumba ilivyokuwa. Mwaka 1928 ikawa makumbusho.

Coalpit Heath haijawa makumbusho, lakini athari yake ilisafiri. Webb alimheshimu mno Butterfield, na alipomjengea Morris ile Red House ya Bexleyheath kuanzia 1859, somo la nyumba za makasisi lilikuwa limemkaa: mapaa makali, madirisha kulingana na vyumba, kifaa kinachoonekana kilivyo. Angalia jinsi mambo yanavyozunguka: Butterfield alimfunza Webb kwa mfano, Webb na Morris wakaunda chama, na chama kikasaidia kuiokoa Alfriston.

Niseme neno kuhusu chokaa, kwa sababu kazi yangu ni kuta. Nyumba za zamani hizi zinahitaji kupumua: unyevu unaingia ukutani na lazima utoke. Chokaa inaupitisha, saruji inaufungia ndani. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya kale ambayo fundi wa kabla yangu aliijaza saruji kati ya mawe ili ionekane nadhifu. Saruji ilikuwa nzima kabisa. Jiwe ndilo lililokwisha, limebonyea kila upande wa mstari wa saruji, ukiligusa linadondoka chembechembe kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Ugonjwa huohuo unakula kuta za matumbawe za Mji Mkongwe. Kwa hiyo popote utakapokwenda kati ya hizi tatu, tazama kati ya jiwe na jiwe, au kati ya mti na udongo, na ujiulize fundi wa mwisho alitumia nini.

Kufika na kuingia

Alfriston: panda treni mpaka kituo cha Berwick, cha Sussex, kisha zimebaki kilomita nne hivi. Nyumba ni ndogo, unaimaliza kwa saa moja, na bustani na kanisa la Mtakatifu Andrea viko palepale. Ina misimu ya kufunguliwa, kwa hiyo angalia siku kabla hujakata tiketi.

Haworth: treni kutoka Leeds au Bradford hadi Keighley, halafu basi, au treni ya mvuke ya bonde la Worth kwa mwenye watoto. Barabara kuu ya kijiji ni mlima wa mawe. Mzee wa magoti mabovu aifikirie mara mbili. Panajaa wakati wa likizo.

Coalpit Heath: unafika kwa basi kutoka Bristol, au treni ya Yate kisha gari. Hapa pana jambo la adabu. Nyumba ni makazi, haina tiketi wala mwongoza wageni. Unaitazama ukiwa barabarani na eneo la kanisa, unaondoka. Usigonge mlango kuomba kuchungulia.

Nani aende wapi

Kama una mtoto au mzazi anayeuliza “Wazungu zamani walijenga vipi?”, mpeleke Alfriston. Hataambiwa, ataona, na pengine yeye ndiye atakayekueleza fito zinavyosukwa.

Kama unapanga kukarabati nyumba ya kale nyumbani, iwe Tanga, Mombasa au Bagamoyo, Alfriston tena, ila nenda siku isiyo na watu uwaulize wahudumu jinsi nyasi na udongo vinavyotunzwa mwaka hadi mwaka.

Kama unapenda vitabu, au unataka kuelewa familia ya kasisi iliishije siku hadi siku, Haworth. Tenga siku nzima, na usianze na nyumba: anzia makaburini, uingie ndani baadaye. Ikiwa kinachokuvuta ni dini kuliko fasihi, fikiria badala yake Epworth, Lincolnshire, nyumba ya rekta iliyojengwa upya kwa matofali baada ya moto wa 1709. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akiwa na miaka mitano, alitolewa dirishani nyumba ya zamani ikiwaka.

Mwanafunzi wa usanifu ambaye ameshaziona picha nyingi na sasa anataka kuelewa nyumba ya kisasa ilianzia wapi, Coalpit Heath itamfaa kuliko zote, hata kwa nusu saa tu akiwa barabarani na daftari. Achore sura moja ya nje, kisha akisie mpango wa vyumba kutokana na mchoro huo. Akitamani kuingia ndani ya fikra hiyo, siku nyingine aende Red House, ambayo siku hizi iko chini ya National Trust na hupokea wageni.

Mgeni mwenye siku moja, anayelala London, asiye na gari: Alfriston ndiyo iliyo karibu kati ya hizi. Ukiwa unalala Manchester au Leeds, usihangaike kushuka kusini, Haworth iko jirani. Mvua ikinyesha siku hiyo usiahirishe safari, popote uendapo. Simama chini ya ukingo wa paa uone maji yanaangukia wapi.